Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Lori la Mallee na Mengineyo

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Waswahili hapa Dandenong, Melbourne,

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za njiani. Najua wengi wenu mtaisoma taarifa hii kwenye simu, mmeegesha huko Nhill au Bordertown mkingoja saa za mapumziko zitimie, kwa hiyo maneno ya ukumbini nayaacha. Naanza na lori, maana ndilo lililotugawa mwaka huu.

Mwezi Machi mjumbe mmoja alileta kwenye kamati picha za lori aina ya International ACCO lililolala shambani kule Mallee, eneo la mashamba kaskazini-magharibi mwa jimbo letu la Victoria, chini ya mkaratusi, matairi yameoza, kioo kimoja hakipo, ndege wamejenga kiota juu ya rejeta. Mwenye shamba alikuwa tayari kuitoa kwa bei ya chuma chakavu, mradi tuiondoe wenyewe. Picha zilipozunguka mezani niliona nyuso za wajumbe zikilainika kama watu wanaotazama picha ya harusi. Sikuwashangaa. Sisi wa Dandenong, ACCO ni lori la nyumbani. Kizazi chake cha kwanza, kilichoitwa AACO, kilitoka mwaka 1961 kikiwa kimebuniwa hapahapa Australia, na la mwisho liliunganishwa Dandenong mwaka 2019. Wanachama wetu wawili wamekula mshahara wa kiwanda hicho, na mmoja alikuwa akifunga nyaya za kebini hadi karibu na mwisho. Lile lori la taka linaloamsha watoto wenu alfajiri, lenye mkono wa kunyanyulia mapipa, lichungulieni usoni kabla halijapita: mara nyingi ni ACCO.

Kamati ilipiga kura. Wanne walisema tusinunue, watatu walisema tununue. Kwa kuwa watatu wale hawakuridhika, na wana haki hiyo, jambo linakuja kwenu kwenye Mkutano Mkuu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanne, na sitajificha nyuma ya kiti cha uenyekiti.

Sababu za fedha Mweka Hazina atazieleza vizuri kuliko mimi. Kununua si tatizo. Tatizo ni banda la kulilaza, bima, na fundi. Kibali cha magari ya kale hapa Victoria kinaruhusu siku 45 au 90 kwa mwaka, na kila siku inaandikwa kitabuni kabla hujaondoka. Siku zilizobaki lori linakula tu. Lakini hata tungekuwa na banda la bure, bado ningesema hapana kwa sasa. Lori la Mallee limengoja miaka mingi chini ya mti na linaweza kungoja miwili zaidi. Wazee waliokuwa wakiyaendesha hawangoji.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya mwaka huu. Tumekaa na kinasa sauti mbele ya wazee wa barabara. Wengine wako majumbani kwao, wengine kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako muuguzi anagonga mlango akikumbusha chakula wakati mtu, katika simulizi yake, ndiyo kwanza anateremka mlima Razorback breki zikinuka. Katibu wetu anazihifadhi rekodi hizo kwa utaratibu ambao mimi siufahamu vizuri, ila najua zipo mahali pawili, na moja si simu yangu.

Niwaeleze kidogo kuhusu mzee wa Shepparton, maana kila aliyemsikiliza amerudi akiigiza sauti ya injini. Alianza na lori la Commer, lile ambalo Waaustralia wanaliita Knocker, yaani mgongaji, kwa ajili ya injini yake. Kampuni ya Rootes ya Uingereza iliitoa injini hiyo mwaka 1954: silinda tatu, lakini pistoni sita, mbilimbili zinatazamana ndani ya silinda moja na mlipuko unatokea katikati yao. Haina silinda hedi. Mafundi wetu mliopo, hebu fikirieni injini ya diseli isiyo na hedi gasketi ya kuungua! Nguvu ya farasi 105 tu, na kelele ya lori kumi. Mzee anasema mama mwenye mgahawa alikuwa anaweka kikaango motoni akiisikia ng'ambo ya kilima, na yeye akifika mayai yako tayari. Hiyo ya mayai sijui kama niiamini. Ya kelele naiamini, kwa sababu nimeisikia mwenyewe kwenye maonyesho na nikarudi nyuma hatua mbili.

Kutoka Melbourne hadi Sydney ni karibu kilomita 880. Siku hizi ni njia mbilimbili mwanzo hadi mwisho, na mji wa mwisho kuzungukwa ulikuwa Holbrook, mwaka 2013. Enzi zake unaingia kila mji, Seymour, Benalla, Wangaratta, Albury, Gundagai, Yass, Goulburn, unapunguza gia na kuipandisha, unapunguza na kuipandisha, na giaboksi haina sinkro: unakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na usipolinganisha mizunguko ya injini unasikia meno yakisaga. Goti lake la kushoto halikunji tena. Yeye hasemi ni uzee, anasema ni klachi ya Commer. Baadaye akapata lori la Mack B61 lenye vijiti viwili vya gia, na akatuonyesha, amekaa kitandani, jinsi mkono mmoja ulivyopitishwa ndani ya usukani kushika kijiti kimoja huku mwingine ukishika cha pili, na usukani kwa sekunde hizo ukishikwa na kiwiko na dua.

Mteremkoni walikuwa na gia nyingine ambayo haimo kwenye kitabu. Waliiita gia ya malaika. Kwetu ni kuachia fri, yaani kutoa gia kabisa lori lijiteremkie lenyewe. Lori zito, injini dhaifu, mlima mbele: ukiteremka bonde hili kwa fri unapata mwendo wa kupandia kilima cha pili. Mzee alicheka alipoisimulia, kisha akataja majina matatu ya wenzake na hakucheka tena.

Yeye pia ndiye aliyenieleza jambo ambalo nimeendesha miaka 19 nchi hii bila kulijua: kwa nini malori yalijaa ghafla. Zamani kila jimbo lililinda reli yake. Kubeba mzigo kwa lori sambamba na reli ulihitaji vibali na ada za kukufilisi. Mwaka 1954 kesi ya kampuni ya Hughes and Vale dhidi ya New South Wales ilifika hadi Privy Council kule London, ambako rufaa za Australia zilikuwa zikiishia wakati huo, na uamuzi ukawa kwamba biashara kati ya jimbo na jimbo ni huru kwa mujibu wa kifungu cha 92 cha katiba. Basi wajanja wakaelewa haraka. Mzigo wa ndani ya jimbo moja ulivushwa mpaka na kurudishwa, ili uhesabike kuwa umesafiri kati ya majimbo. Mzee wetu amevuka daraja la Mto Murray pale Albury na kugeuza kwa sababu hiyo tu. Waliokulia Namanga au Tunduma hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Serikali za majimbo zilijibu kwa kodi ya matengenezo ya barabara, theluthi moja ya peni kwa kila tani kwa kila maili. Inasikika ndogo. Piga hesabu ya tani 20 kwa maili 550, safari baada ya safari, kwa mtu mwenye deni la lori benki na nauli inayoshuka kila mwezi. Tarehe 2 Aprili 1979 madereva wachache waliegesha malori yao kukatiza barabara ya Hume pale mlima Razorback, karibu na Picton, na wengine wakajipanga nyuma yao. Redio za CB, zile za madereva kuongea lori kwa lori, zilikuwa zimehalalishwa miaka miwili tu kabla, na habari ikaruka jimbo hadi jimbo kupitia redio hizo. Kiongozi wao, Ted Stevens, alijulikana hewani kwa jina la Green Dog, Mbwa wa Kijani. Siku tisa. Wananchi waliwaletea chakula. Kodi ile ikafutwa mwaka huohuo. Mwezi Mei tulisimama pale kwenye mnara wa kumbukumbu, watu 11 na termosi mbili za chai ya tangawizi, na mwanachama wetu wa Goma akasema jambo ambalo Katibu ameliandika kwenye kumbukumbu rasmi: kwamba kwao kamyo zikisimama siku tisa, ni daraja limebebwa na maji.

Njiani tulipumzika Tarcutta. Vijana mnaopita juu kwenye barabara mpya hamuuoni tena mji huo. Uko karibu nusu ya safari, na ndipo madereva wa Sydney na wa Melbourne walipokutana usiku, wakabadilishana matela, kila mmoja akageuza akalale kwake. Kuna ukuta wenye majina ya madereva waliofia kazini. Nilisoma majina mpaka miguu ikachoka.

Sasa lipo lalamiko, na nalileta hadharani kwa kuwa limesemwa pembeni vya kutosha. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini chama cha Waswahili kinawahoji wazungu wazee. Kwamba pesa za mafuta na muda wa watu vingetumika kwa wazee wetu. Nimelifikiria swali hili kwa uzito. Jibu langu la kwanza ni kwamba barabara tunayolia ugali walianza kuipita wao ikiwa vumbi, na mazoea tunayolalamikia au kuyafurahia kazini mwetu yana mwanzo wake kwao. La pili linanihusu mwenyewe, na mtanisamehe.

Marehemu baba yangu alikuwa utingo, kisha dereva, wa malori ya Fiat yaliyokuwa yakipeleka mafuta Zambia. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yakakatika kwenye njia yake ya kusini, na yeye na mzigo mwingine mwingi vikageuzwa Dar es Salaam: mapipa kwenda, shaba kurudi, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, kwenye njia ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa udongo. Baba alinisimulia vipande. Kitonga, tope, kulala chini ya chesisi. Nilikuwa na haraka kila aliposimulia. Amefariki 2011 na sina hata dakika moja ya sauti yake. Kwa hiyo nikikutana na mzee wa Shepparton, ambaye yuko umbali wa saa mbili na nusu kutoka kwangu na anataka kusimulia, siulizi ni wa kabila gani. Na mwaka ujao napendekeza tuanze kuwapigia simu wazee wetu wa Mbeya, Mombasa, Bujumbura na Bukavu. Hilo liko kwenye ajenda, namba 6.

Lipo pengo jingine ambalo ni letu kabisa. Hatujamhoji Muaborijini hata mmoja, ilhali kwenye mashamba ya ng'ombe ya kaskazini wao ndio waliokuwa wakikusanya na kupakia mifugo kwenye matela. Kamati haina kisingizio.

Safari kubwa ilikuwa ya Agosti kwenda Alice Springs, zaidi ya kilomita 2,200 kutoka hapa. Tulipitia Birdwood, kwenye milima ya Adelaide, kuliona lori la posta la Tom Kruse, Leyland Badger la mwaka 1936. Kruse alipeleka barua, unga, mafuta na abiria kutoka Marree hadi Birdsville, kilomita zaidi ya 500 za mchanga, kila baada ya wiki mbili. Alibeba mabati mazito ya kutandika juu ya mchanga: unatandika, unapita, unarudi kuyaokota, unatandika mbele. Mto Cooper ulipofurika mzigo ulivushwa kwa boti na kupakiwa kwenye lori jingine ng'ambo. Mwanachama wetu wa Lodwar alilizunguka Badger lile mara tatu, akapima urefu wa chesisi kwa hatua, akasema yeye angelipitisha. Hatukubishana naye.

Alice Springs tulikaa siku mbili kwenye makumbusho ya usafirishaji. Kuna lori la AEC la serikali lililokuja 1934, magurudumu manane yote yanavuta, injini ya diseli ya farasi 130, na matela mawili nyuma yanayofuata njia ya kichwa bila kukata kona. Ilibeba tani 15 mahali ambapo kabla yake kazi ilikuwa ya ngamia na punda. Nyingine ya aina hiyo ilipelekwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Na kuna Bertha, Diamond T ya jeshi la Marekani iliyobaki baada ya vita, ambayo Kurt Johannsen aliifunga matela aliyoyaunda mwenyewe, akaanza kubeba ng'ombe. Kabla ya hapo ng'ombe walitembezwa kwa miguu miezi kadhaa na kufika sokoni mifupa mitupu. Road train, yaani lori lenye matela kadhaa, mnazozivuta leo kwenye barabara kuu ya Stuart, mita 53.5 kutoka bampa hadi taa ya mwisho, ni wajukuu wa Bertha. (Mtu ataniuliza kuhusu ile Mack iliyovuta matela 112 kule Clifton, Queensland, mwaka 2006. Ndiyo, ni rekodi ya dunia. Ilisogea kama mita mia moja. Hiyo ni sherehe, si usafirishaji.)

Jambo dogo lililonigusa: wenye ngamia wale, wanaoitwa hapa Waafghani, wengine walitoka Balochistan. Mwanachama wetu wa Mombasa ambaye bibi yake alikuwa Mbulushi alisimama mbele ya picha zao muda mrefu, akawa anatafuta pua ya mjomba wake.

Jioni moja mzee wa palepale alitusimulia miaka ya vita, petroli ikigawiwa kwa kuponi, magari yakafungwa mitambo ya kuchoma mkaa ili injini inywe gesi yake. Unawasha moto, unasubiri, unachochea, ndipo unaondoka. Mama Mweka Hazina akauliza walikuwa wanatumia mkaa wa mti gani. Lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyouliza safari ile, na mzee alijibu kwa nusu saa.

Sitaki mtu atoke kwenye taarifa hii akidhani zamani palikuwa peponi. Wazee wenyewe hawasemi hivyo. Wamesimulia vidonge vya kukesha, mabosi waliohesabu saa za barabara lakini si za usingizi, daftari mbili za safari, moja ya polisi na moja ya kweli. Oktoba 1989 pale Cowper, karibu na Grafton, lori liligongana na basi alfajiri, wakafa watu 21, na damu ya dereva wa lori ilikutwa na dawa nyingi ya kusisimua mwili. Miezi miwili baadaye, karibu na Kempsey, mabasi mawili yaligongana na wakafa 35. Kidhibiti mwendo mnachokitukana kwenye redio kina historia hiyo nyuma yake. Saa 12 za kazi ndani ya saa 24 si adhabu. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja alilazimishwa na mwajiri, simtaji, aendelee baada ya muda wake. Akakataa, akapoteza zamu za wiki tatu. Chama kilimsaidia kodi ya nyumba kutoka mfuko wa dharura, na kamati iko tayari kufanya hivyo tena.

Kwa upande wa mambo ya kuchekesha, mwezi Oktoba tulifanya siku ya turubai. Nusu ya madereva wetu vijana hawajawahi kufunga mzigo kwa kamba. Wamekuta matela ya pazia, unavuta, unafunga vifungo, umemaliza. Mzee wa Shepparton akaja na kamba zake mwenyewe, akatufundisha fundo la madereva, lile linalokaza kama winchi na kufunguka kwa mvuto mmoja. Mzee wetu mmoja aliyefanya kazi bandarini Mombasa akalifunga kabla hajaonyeshwa. Vijana walifika mahali pa kujisifu. Kisha upepo wa Dandenong ukaja, turubai la kuazima likanyanyuka na fundo nane za wanafunzi, likatua kwenye uzio wa jirani. Fundo moja tu lilishika. Lilikuwa la binti wa Katibu, ana miaka 14.

Fedha: hesabu zimekaguliwa, hatuna deni, ada nyingi zimelipwa na chache hazijalipwa. Wahusika wanajijua. Msiba umetupitia mara mbili mwaka huu na mlijitokeza vizuri, Mungu awalipe. Msamiati bado ni vita. Nusu ya kamati inataka maandishi ya rekodi yaseme utingo, nusu taniboi, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanacheka tu. Nimeamua kila msimulizi abaki na neno lake.

Nafasi yangu iko wazi kwa uchaguzi. Nimekaa vipindi viwili na katiba hairuhusu cha tatu, wala mgongo wangu.

Mkutano Mkuu utaanza saa nane mchana, na kura ya lori la Mallee ndiyo ajenda ya kwanza ili wanaoingia zamu ya jioni wasiikose. Asiyelipa ada atasikiliza lakini hatapiga kura. Mzee wa Shepparton amekubali kuja, na anataka kuliona ACCO hilo kwenye picha kabla hatujaliamua. Atafika kwa treni, kituo cha Southern Cross. Namtafuta mtu wa kumchukua kutoka pale, mwenye gari la chini, si lori wala ute (pikapu), kwa sababu goti lile halipandi ngazi. Mwenye gari la namna hiyo ampigie Katibu kabla ya Ijumaa.

Mwenyekiti wenu